Washenga wa Benchi

Walikuja Jumapili, baada ya misa ya pili, watu wawili waliochomekea mashati. Mama aliwaona kwanza kupitia dirisha la jikoni. Akafunika sufuria, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Nenda kabadilishe hiyo sketi."

"Kwa nini?"

"Wewe nenda tu, mama. Mambo mengine mtu haulizi."

Mmoja wa wageni alikuwa kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya hapa mjini, mwalimu wa sekondari ambaye bado hajaoa. Wa pili alikuwa katekista mzee, ambaye Ifakara nzima humtuma kwenye nyumba zenye mabinti kwa sababu anajua kuzungumza polepole bila kumkwaza mtu. Mashati yaliyochomekewa, katekista, mwalimu asiye na mke, na mimi niliyerudi nyumbani tangu mavuno yaanze, sina mume wala dalili ya mume: mama alijumlisha vyote, akapata jibu. Ni kweli mwoaji haongozani na mshenga wake siku ya kwanza, lakini mama alikuwa ameshaamua kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Nilipotoka chumbani na gauni la kitenge, jogoo alikuwa ameshachinjwa.

Baba aliitwa kutoka mashineni. Tuna mashine ya kukoboa mpunga kando ya barabara ya kwenda Mlimba, na msimu wa mavuno mashine haijui Jumapili. Aliinama kupita mlangoni, kama anavyoinama kwenye kila mlango wa mji huu, nyusi zake nyeupe kwa vumbi la pumba. Akampa katekista shikamoo. Kocha akampa yeye shikamoo, akiwa amesimama nusu na kukaa nusu. Kisha wakaanza kuulizana habari, na habari zilikuwa nyingi. Katekista aliulizia mvua, mashine, goti la baba, ndugu zetu wa Mahenge, na hata afya ya ng'ombe, ingawa hatujawahi kuwa na ng'ombe.

"Sasa, mzee mwenzangu," akasema hatimaye, chai ikiwa imepoa, "tumekuja na maneno madogo."

"Karibuni na maneno yenu," baba akasema, akanitupia jicho. Nikatazama mkeka.

"Katika nyumba hii kuna kitu chema. Tumekiona kwa miaka mingi. Leo tumekuja kuomba."

Jikoni, mfuniko ulianguka.

"Tunaomba kwa heshima zote," katekista akaendelea, "na kwa niaba ya huyu mwalimu, ambaye amejaribu kusema mwenyewe mara nyingi, maneno yakamkwama. Tunaomba, mzee, kwenye mechi ya Kidatu, uanzie benchi."

Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Benchi?"

"Benchi, mama," katekista akajibu.

"Mmekuja kuomba benchi?"

"Tumekuja kuomba mzee akae kidogo. Ataingia baadaye."

Mama aliwatazama mmoja mmoja, kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Jogoo wangu," akasema, akarudi ndani.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikafunika uso kwa mikono, na nilipoufunua nikamwona baba. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya magoti, vile viganja ambavyo nilipokuwa mdogo niliamini vimetengenezwa kwa ajili ya mpira na kwa ajili ya kichwa changu tu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama vidole vyake kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu.

"Nani anaanza?" akauliza.

"Kijana wa Namawala," kocha akasema kwa sauti ya chini.

Baba akatikisa kichwa polepole. "Ile nafasi haiombwi, katekista. Mngekuwa mmemtaka binti, mngeomba, na mimi ningewasikiliza. Nafasi ya uwanjani mtu anakuja anaichukua. Mwambieni Jumatano aje aichukue."

Wakala jogoo, wakamsifia mama. Baba akawasindikiza mpaka barabarani akizungumza nao habari za mpunga, maana mgeni husindikizwa hata kama alichokuja nacho kimekuchoma.

Ujanani, baba alichezea timu kubwa ya Dar es Salaam na kuvaa jezi ya taifa. Bibi alipougua alirudi nyumbani kumuuguza, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na baada ya msiba hakuondoka tena. Nyuma ya kanisa alikuta sakafu kubwa ya saruji ambayo akina mama waliitumia kuanikia mpunga. Akawaomba waitumie wote. Akachomelea vyuma, akasimamisha nguzo mbili, akapigilia mbao, na tangu hapo sakafu ile ni ya mpunga asubuhi na ya mpira jioni. Mpaka leo, msimu wa mavuno, wachezaji husubiri pembeni akina mama wafagie, wakunje maturubai yao, wafunge magunia. Ndipo mpira hudunda. Chembe zinazobaki huteleza chini ya viatu kama shanga, na timu ngeni huanguka sana hapa kwetu kwa sababu hiyo.

Nilikua nikisikia ule mdundo. Kwenye kumbukumbu zangu za utoto jioni ina sauti mbili, mashine ikizimwa na mpira ukianza. Nilikuwa nikiketi juu ya magunia na kumwangalia baba akiruka, na kila aliporuka nilishika pumzi, kwa kuwa alikawia juu kuliko wengine. Wenzake walishuka, yeye bado yuko. Nilidhani watu wote wana baba anayekawia angani.

Kila mtu aliyewahi kucheza kikapu Ifakara alifundishwa na mikono ile, kocha akiwemo. Hakuna aliyewahi kumweka benchi. Mechi huanza na baba katikati ya duara, wengine wakimzunguka, na hivyo ndivyo mji ulivyojua kwamba mechi imeanza.

Huyo kijana wa Namawala naye baba mwenyewe alimleta. Familia yake ni Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe kabla hajazaliwa. Siku hizi wanalima mpunga kama sisi. Alikuja mashineni na mama yake, mkokoteni umejaa magunia, na baba akamwona akinyoosha mkono kutundika koti lake kwenye boriti ambayo watu wengine huifikia kwa ngazi. Baba akazima mashine, foleni nzima ikalalamika.

"Mwanangu, umewahi kushika mpira?"

"Wa miguu, baba."

"Huo haushikwi. Njoo jioni."

Alikuja jioni hiyo, na jioni zilizofuata, kwa baiskeli, kutoka Namawala. Baba alimfundisha kila kitu. Nadhani hakufikiri kwamba katika kila kitu kulikuwa na nafasi yake pia.

Jumatano nilikwenda kutazama. Nilijiambia ninakwenda kununua vitumbua, lakini mama alinipa chupa ya maji ya baba bila hata kuuliza ninakokwenda. Habari ilikuwa imesambaa. Akina mama wa mpunga walikuwa wamefagia mapema na hawakuondoka. Walikaa juu ya magunia yao kama kwenye jukwaa.

Kijana alifika, akaegesha baiskeli, akamwendea baba moja kwa moja. Akapinda magoti kidogo, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo tunacheza, wewe na mimi. Umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

Wakagawana timu, kocha akapuliza filimbi. Baba akapokea mpira, akageuka, akarusha. Ukaingia. Akapokea tena, akampita kijana upande wa kulia, akaingiza. Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, usimuue mtoto wa watu!" Akaingiza tena, na tena, na mimi nikaanza kupiga makofi kwa mikono miwili huku chupa ya maji nimeibana kwapani. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kama mtoto. Nilipoangalia uso wa baba nilidhani jasho ndilo linalomfanya akunje macho.

Ghafla akaushika mpira, akausimamisha. Akasema, "Inatosha leo," akachukua viatu vyake vya kubadilisha, akaondoka bila kunawa.

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha uani. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Wanasema umemfundisha adabu," mama akasema.

"Amenipisha."

"Nani?"

"Kijana. Kila nilipokwenda alikuwa anasogea. Ananipisha kama mtu anavyompisha mzee mlangoni." Akavua kiatu kimoja, akakishika. "Anainua mikono ili watu waone anakaba, lakini miguu imeshaondoka. Mimi nimemfundisha kukaba. Naijua miguu yake."

Mama aliendelea kuchambua, lakini polepole.

Kisha baba akanigeukia mimi. "Wewe umekuwa ukiangalia, mama. Na wengine wananipisha? Tangu lini?"

Nilianza kukumbuka. Vijana wote wa timu humsalimia kabla ya mazoezi, mmoja mmoja, wameinama. Wakipata mpira humtafuta yeye kwanza, kama vile chakula kinavyowekwa mbele ya mzee kabla ya wengine kunawa. Hata wa timu ngeni: nilikumbuka yule kijana wa kijiji cha Mbingu aliyegongana naye, akaacha mpira uende, akamshika mkono, akasema, "Pole, baba, pole sana." Tulikuwa tumefurahia adabu yake.

Nikaanza kumsaidia mama kuchambua mchele. Hiyo ilimtosha.

"Basi msimu huu wote," baba akasema, "sijui vipi vilikuwa vyangu."

Alizungumzia vikapu. Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, nikajifanya naanua nguo.

Nilipokuwa kule nilimsikia mama. "Hata mimi nakupisha kwenye mambo mengi. Hujui tu."

"Wewe ni mke wangu."

"Ndiyo. Lakini nisingekuwa nakupisha, ungekuwa umekonda."

Baba hakucheka. Siku iliyofuata hakwenda uwanjani, wala iliyofuata. Alikoboa mpunga mpaka jioni, akaoga, akakaa. Mdundo ulisikika kutoka kule nyuma ya kanisa, naye alikuwa ameupa mgongo. Kocha alipita mara moja kununua chenga za kulishia kuku, akasalimia, akalipa, akaenda zake. Nilikuja kuelewa kwamba baba hakuwa anagombania benchi tena. Alitaka ajue kilichobaki ndani yake ni kiasi gani, na hakuna mtu aliyekuwa tayari kumwonyesha. Mji mzima ulikuwa umemfunga kwa heshima.

Jumamosi alimwita mama. Nilikuwa napepeta, nikasikia.

"Walinitumia washenga," akasema. "Na mimi nataka kutuma."

"Wapi?"

"Namawala. Kwa mama yake. Yule kijana hawezi kunigusa bila ruhusa ya nyumbani kwao. Nilimuuliza jana alipoleta magunia mashineni, akaniambia, 'Baba, mama amesema nikimwangusha mzee wa watu nisirudi.' Nenda ukamwombe."

"Nikamwombe nini? Mwanaye akupige?"

"Anikabe."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Nilidhani atacheka. Aliingia ndani, akatoka amejifunga vitenge viwili, ameshika mfuko wenye sukari na majani ya chai. Akaniambia, "Twende. Safari hii vaa sketi yoyote."

Tulikwenda kwa bajaji, barabara ikipita katikati ya mashamba yaliyokwishavunwa, mabua yamebaki rangi ya ngozi ya simba, na korongo weupe wakitembea nyuma ya ng'ombe. Mama wa kijana alitupokea kwenye uwanja uliofagiwa vizuri. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, na alituandalia maziwa mgando kwenye vibakuli kabla hajauliza tulikotoka, ingawa alikuwa anajua.

Mama yangu alifanya kazi ya ushenga kama aliyezaliwa nayo. Aliulizia mvua. Aliulizia ng'ombe, na safari hii ng'ombe walikuwepo. Alisifia maziwa, akaongezewa. Kisha akaweka kibakuli chini.

"Dada, tumekuja na maneno madogo. Katika nyumba hii kuna kitu chema."

Mwenyeji akanitazama mimi, kisha akamtazama mama, akachanganyikiwa. Kwa mila zao na za kwetu, upande wenye binti hauendi kuomba. "Mnataka kumposa kijana wangu?" akauliza.

"Hapana, dada. Huyu wangu ni mkubwa kwa huyo wako, na ana mdomo. Tunaomba ruhusa kijana amkabe mume wangu."

"Amkabe?"

"Kwenye mpira. Amzuie kabisa. Asimwonee huruma."

Mwanamke yule akageuza uso kuelekea zizini. Ndama alilia mahali fulani. "Yule mzee amemfundisha mwanangu," akasema. "Amemlisha kwako, umempa wali, najua. Halafu unaniambia nimruhusu amwaibishe mbele za watu?"

"Aibu ameshaipata," mama akasema, na sauti yake ya utani ikawa imekwisha. "Anakaa uani, anahesabu vitu alivyoachiwa. Mimi nimeishi naye tangu anaruka kama swala. Nimemwona akishindwa, na alikuwa anarudi anakula vizuri tu. Hii ya kuachiwa, hata chakula hali."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akisema hivyo kuhusu baba. Nilitazama maziwa yangu.

"Na akianguka?"

"Akianguka ni wetu. Tutamwokota."

Mama wa kijana akainuka, akamwita mwanaye kutoka zizini. Kijana akaja, akaona wageni, akapinda magoti atusalimie. Mama yake alizungumza naye kwa Kisukuma, maneno machache, makavu. Kijana akasema kitu cha kukataa. Mama yake akarudia. Kisha akatugeukia.

"Nimemruhusu. Lakini siku hiyo asimpe shikamoo kabla ya kucheza. Akishamsalimia, mkono unakuwa mzito. Amsalimie wakimaliza."

Jumatatu jioni baba alirudi uwanjani. Kijana alifika na baiskeli yake, akaiegesha, akasimama mbali kidogo. Baba alikuwa anafunga kamba za viatu. Akainua kichwa, na kijana akageuza uso, akatazama nguzo. Watu wote waliona. Akina mama kwenye magunia wakanyamaza, na mmoja akasema taratibu, "Huyu mtoto ana nini leo, hasalimii?" Kocha mwenyewe alisahau kupuliza filimbi. Baba ndiye aliyempigia makofi: anza.

Alipokea mpira, akageuka, akarusha. Mkono mrefu ukatoka hewani, ukaupiga mpira, na sauti ya ule mpigo ikasikika mpaka kwenye ukuta wa kanisa. Mpira ulibiringika hadi kwenye turubai la mpunga. Hakuna aliyekwenda kuuchukua. Baba alikwenda mwenyewe, akaupangusa, akarudi nao akidunda, na uso wake ulikuwa umefunguka kama dirisha.

"Tena," akasema.

Akazuiwa tena. Akajaribu kulia, miguu ya kijana ilikuwa kule. Akajaribu kuruka, na safari hii mimi sikushika pumzi, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kushika. Alikwenda juu na kurudi kama sisi wote. Akaporwa mpira. Akaanguka kwa kuteleza kwenye chembe za mpunga, akasimama peke yake kabla kijana hajapata nafasi ya kusahau agizo la mama yake. "Cheza!" akamfokea. "Unaangalia nini? Cheza!" Mwanamke mmoja kwenye magunia alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga, na jirani yake akamwambia, "Wewe nawe. Mwenye mwili hajalia."

Alipata kikapu kimoja. Jua lilikuwa limeshafika kwenye milima ya Udzungwa na kivuli cha nguzo kimelala sakafu nzima. Alimpa kijana mgongo, akamsukuma hatua kwa hatua kuelekea ubaoni, akainua bega kama anarusha, kijana akaruka, na baba akangoja. Hakuruka. Alingoja mpaka kijana aanze kushuka, ndipo akauweka mpira ubaoni, kwa taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Ukaingia. Hakuna aliyepiga vigelegele. Kila mtu alikuwa ameshaona kwamba hicho hakikuachiwa.

Walipomaliza, kijana akamjia akitweta, akapinda magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mkono wako wa kushoto bado mvivu." Akamgeukia kocha. "Kidatu nitakaa."

Jumamosi tulikwenda Kidatu. Mama alibaki na mashine. Uwanja wa wenyeji uko karibu na nyumba za wafanyakazi wa miwa, na watu walikuwa wengi. Kijana wa Namawala akasimama katikati ya duara. Baba akakaa benchi, na hapo nikagundua kwamba hajui kukaa benchi. Miguu ilikuwa mirefu mno. Aliikunja, akainyoosha, ikavuka mstari wa uwanja, akaikunja tena. Mikono haikuwa na kazi. Alishika taulo, akaliweka, akalishika. Robo ya kwanza yote alitazama mpira tu, na kila ulipopita karibu naye bega lake lilitikisika. Mshabiki mmoja wa Kidatu akapaza sauti, "Mzee, umekuja kuangalia wajukuu?" Watu wakacheka. Nilitaka kumrushia kiatu.

Kwenye robo ya pili aliacha kutazama mpira. Alianza kutazama miguu. Alimvuta mchezaji aliyekaa kando yake, akamwonyesha kitu kwa kidole. Kisha akamwonyesha kocha. Kijana alipotoka kupumzika, baba alimnong'oneza, mkono wake mmoja ukiwa juu ya kichwa cha kijana, umekifunika chote. Sikusikia walichosema. Nilijua tu uzito wa ule mkono.

Akaingizwa mwishoni, timu zikiwa zinafukuzana. Hakurusha hata mara moja. Alikwenda pale ambapo kijana angepita, akasimama. Mkabaji wa Kidatu aliyekuwa anamfukuza kijana akamgonga kama mtu aliyegonga mlango uliofungwa, wote wawili wakaanguka, kijana akapita, akaingiza. Yule wa Kidatu aliinuka na hasira, akamwangalia baba chini, akasema, "Toka njiani, wewe!" Hakusema pole, wala hakusema baba. Refa akapuliza filimbi kwa jambo jingine. Baba akainuka, akajipangusa goti, akaenda kusimama tena mahali pengine, na huyo huyo akamgonga tena. Waliendelea hivyo mpaka mwisho.

Baadaye tulikaa nje ya uwanja, yeye kiwiko kinatoka damu kidogo, nami namfunga kwa leso. Simu yake ikaita. Mama hajawahi kungoja mtu apige.

"Mmeshinda?" Sauti yake ilitoka nje ya simu kama kawaida.

"Tumeshinda."

"Umefunga vingapi?"

"Sijafunga. Nilikuwa nasimama, wenzangu wanapita."

Upande wa pili watu walisikika wakilalamika.

"Kwa hiyo wamekubeba mpaka Kidatu ukasimame."

"Ndiyo."

"Wamekugonga?"

"Sana," baba akasema. Akautazama mkono wake niliokuwa naufunga, akauzungusha taratibu kuona kama unauma, unauma wapi. "Sana kabisa, mke wangu. Kuna mmoja alinitukana."

"Afadhali," mama akasema. "Njoo basi. Mkanda wa mashine umekatika na watu wanapiga kelele hapa."

Baba akakata simu, akaniomba nikaze leso, na akamwita kijana aje akae karibu, wazungumze juu ya ule mkono wa kushoto.